Kimo cha Babu Kwenye Picha

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile ambayo mwanamume aliyekuja kuniposa alifika mlangoni kwetu mrefu, akaingia ndani mfupi. Nilikuwa nyuma ya pazia, na macho yangu wakati huo yalikuwa mazima, si haya ya sasa ya kutafuta miwani kila nikitaka kuchambua mchele. Niliona vyema. Lakini wacha nisiiparamie hadithi, maana haraka haraka haina baraka, na siku hiyo nimekaa nayo kifuani miaka mingi bila kumwambia mtu. Aliyenifungua kinywa ni mjukuu wangu Rukia.

Rukia ana duka Ukunda, si mbali na Kona ya Musa. Huuza vitu vya zamani. Si mitumba, tafadhali. Ukimwambia ni mitumba atakununia wiki nzima. Yeye huviita vinteji. Ana magauni ya nukta nukta yaliyobana kiuno, mashati ya kola ndefu, suruali za bugaluu zile pana chini, miwani mikubwa ya kufunika nusu ya uso, redio za mbao, hata zile chupa za chai zenye maua tulizokuwa tukiwatolea wageni tu. Wateja wake ni vijana wanaofanya kazi mahotelini Diani, watoto wa bara waliokuja kutembea, na mabibi harusi wanaotaka kupigwa picha wafanane na mama zao. Siku ya kwanza aliponipeleka nilisimama katikati ya duka nimeshika gauni la tetroni, nikasema, "Kumbe wewe bado uko duniani?" Rukia akadhani namwambia yeye. Nilifurahi, sitasema uongo. Kumwona msichana amevaa gauni kama langu la ujanani ni kama kukutana sokoni na shoga yako uliyedhani amekufa.

Ukutani, nyuma ya pale anapokaa, ametundika picha ya babu yake, marehemu mume wangu Bakari, Mungu amrehemu. Aliitoa katika sanduku langu akaenda kuikuza, ikawa kubwa kama ubao wa mlango. Bakari amesimama studio, mkono kiunoni, nywele amezitimua, vifungo vya shati vimefunguliwa, bugaluu imemfunika mpaka chini, na ncha za raizoni zachungulia. Raizoni ni vile viatu vya soli nene kama tofali, ambavyo navyo vimerudi siku hizi. Nyuma yake kuna ndege iliyochorwa kwa rangi, na ukimtazama wadhani ndiyo kwanza ameteremka. Wateja husimama chini ya picha ile wakajipiga picha na wao. "Babu yako alikuwa mrefu huyu! Alikuwa mtanashati!" Naye Rukia hucheka kwa fahari, utasema yeye ndiye aliyemzaa.

Wajukuu hawa walimjua Bakari akiwa mzee wa mkongojo. Waliamini kuwa uzee ndio uliompunguza. Mimi nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilipenda kusikia akisifiwa.

Basi akatokea kijana aitwaye Suleimani, fundi wa mafriji katika hoteli moja huko Diani. Kijana wa watu, mpole, mwenye kicheko kikubwa kisicholingana na upole wake. Mvua za masika zilipoingiza maji dukani kwa Rukia, yeye ndiye aliyefika kwanza, akazibeba nguo kichwani fungu baada ya fungu mpaka penye ukavu. Baadaye wazee wake wakaleta posa. Baba na mama yake Rukia wakaridhia, ikabaki kauli ya mwenyewe. Ijumaa baada ya sala akaja kwangu Msambweni, uso ameukunja.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo? Nani amekumwagia chumvi kwenye chai?"

"Nimemkataa Suleimani. Kesho mama atawajibu wazee wake."

Nikamuuliza amemkosea nini. Akasema hajamkosea kitu. Akazungukazunguka, mara mwenyewe hajijui anavyoonekana, mara kila siku yumo katika ovaroli, mwisho akafika penyewe. "Nyanya, hana staili. Aliingia dukani akalishika lile shati la hariri nililolitafuta miezi, kisha akaniuliza, 'Hili si kama lile la marehemu baba, tulilomfungia mbuzi jeraha?'"

Nilicheka mpaka nikaweka ungo chini. Yeye hakucheka.

"Wanaume wa zamani walikuwa wanaume," akasema. "Mtazame Babu. Mtu akisimama, wajua kweli kuna mtu aliyesimama. Mimi nataka wa aina ile. Nikimkosa, nitakaa."

Mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo ilinifika kwenye ncha ya ulimi nikaimeza, kwa kuwa msichana aliyenuna hapigwi na methali. Lakini niliogopa. Nilimwona mjukuu wangu yuwaenda kumpoteza mtu mwema kwa ajili ya mtu ambaye hakupata kuwako, na aliyemtia mtu huyo kichwani mwake ni mimi, kwa kunyamaza kwangu. Nikamwambia, "Kaa kitako, nikupe habari ya picha ile."

Nami habari hiyo nakupa na wewe, mwanangu.

Nilipofika umri wa kuolewa nilikuwa mrefu kuliko wasichana wote tuliosoma nao chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Walinitania kwa kuniita Mnazi. Mama yangu alikuwa amekufa, nikalelewa na nyanya yangu, Bi Mwanamkasi, mwanamke wa maneno machache ambayo kila moja lilikuwa na mwiba wake na asali yake. Hofu yangu ilikuwa moja tu: nani atakayesimama na mimi watu wasicheke? Ndipo siku moja, harusini, nikamwona Bakari. Alikuwa seremala, akitengeneza vitanda na makabati ya hoteli zilizokuwa zikijengwa Diani wakati huo. Alikuwa kimo changu, labda alinizidi kidogo, na bugaluu yake ilipepea kila alipopiga hatua. Moyo ukaniambia, huyu hapa.

Nikukumbushe jambo, kwa kuwa nyinyi vijana hulisahau. Bugaluu wakati ule haikuwa ya kale. Ndiyo kwanza iliingia, na wazee wetu waliichukia wakaiita suruali ya kufagilia njia. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akikaa barazani na mkasi, akiapa kwamba kijana wa kwanza kupita ataikata. Sisi hatukuvaa zamani, mwanangu. Sisi tulikuwa tukivaa kesho, na kesho ile ilituogopesha sisi wenyewe kama inavyowaogopesha nyinyi yenu.

Wazee wa Bakari wakaleta posa. Bi Mwanamkasi akasema, "Mimi sitoi mtoto kwa kusikia. Mwenye haja aje nimwone." Haikuwa desturi kijana aje mwenyewe kabla ya kujibiwa, lakini nani wa kubishana naye?

Akaja alasiri, pamoja na mjomba wake. Mimi na Mejumaa, binti wa ami yangu, tukajibana nyuma ya pazia. Kutoka barabarani hadi kwetu ni mchanga mtupu, na tulimwona akija nao kwa shida, anainua mguu juu kama mtu anayewaruka waliolala. Kipenzi changu alikuwa amevaa raizoni. "Hodi! Hodi hapa!" "Karibuni." Akajaa mlangoni. Akainamisha hata kichwa, ati asigonge kizingiti. Mejumaa akanifinya kwa furaha.

Lakini ni nyumba gani ya kwetu ambayo mtu huingia na viatu, akakanyaga mkeka ambao watu huukalia na kuusalia? Bugaluu na raizoni zilitungwa na watu wanaokaa vitini na kuingia majumbani na viatu vyao. Hakuna kijana wa Msambweni aliyelifikiria hilo mpaka lilipomfika. Mjomba akavua ndara zake akapita. Bakari akabaki akiutazama mkeka. Akavua kimoja, akawa ameinama upande. Akavua cha pili, akashuka. Na ile bugaluu iliyokatwa kwa urefu wa soli sasa haikuwa na pa kwenda ila chini. Ikamfunika nyayo na zaidi. Akapiga hatua, akaukanyaga upindo wake mwenyewe, akafika ndani upesi kuliko alivyokusudia, mikono miwili mkekani mbele ya Bi Mwanamkasi.

"Shikamoo, nyanya," akasema palepale chini.

"Marahaba, baba. Umeamkia kwa adabu. Inuka."

Akainuka. Ikaletwa kahawa na mkate wa kumimina, sinia likawekwa katikati, kila mtu akakunja miguu. Bakari amesimama. Akaambiwa akae kitako, akajibu kwamba hajachoka. Mjomba akamkonyeza, yeye akatazama dari. Wewe wajua ilivyo kwetu, kijana kusimama juu ya vichwa vya wazee waliokaa. Bi Mwanamkasi akakirudisha kikombe siniani bila kukionja.

"Una jipu, baba?"

"La, nyanya."

"Una nini basi?"

 Nilisikia pumzi ya Mejumaa. Kisha Bakari akasema, taratibu, kila mtu akasikia: "Nyanya, suruali hii ni ya kusimama tu. Nikikaa itapasuka. Na viatu vile si vyangu. Nimeviazima kwa rafiki yangu, kama nilivyoviazima siku ya harusi ile, nije nionekane mtu."

Mjomba akajifunika uso. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na mjomba wa watu nadhani aliiona methali imesimama mbele yake kwa miguu miwili.  Bi Mwanamkasi akaita, "Mleteeni kikoi cha marehemu."

Mimi ndiye niliyekitoa kabatini nikakipitisha chini ya pazia. Akaenda chumba cha pili akabadili, akarudi katika kikoi cha babu yangu na lile shati lake la kola ndefu, akakaa, akakunja miguu, akala mkate kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sasa ndipo aliposema. Akaeleza alivyoanguka njiani, na mbuzi wa watu walivyosimama kumtazama, mmoja akamfuata mpaka karibu na kwetu kwa huruma. Bi Mwanamkasi alicheka mpaka leso ikamwanguka kichwani. Na mimi nyuma ya pazia nikacheka, nikauma mkono nisisikike.

Walipoondoka, kicheko kikaisha. Mejumaa akanitazama juu chini akasema, "Dada, huyu atakufika sikioni." Ilikuwa kweli. Nikaiona harusi yangu, nikawasikia wanawake wakinong'ona kwamba Mnazi ameolewa na mkindu. Nikalia. Nikamwendea nyanya yangu, naye alikuwa amesharudi kwenye ukili wake, anasuka.

"Simtaki, nyanya. Amenidanganya. Ni mfupi."

Hakuinua macho. "Aliyedanganya ni kiatu, na kiatu kilibaki mlangoni. Yeye nimemuuliza neno moja akaniambia kweli, na aibu imemjaa mpaka masikioni. Wajua wanaume wangapi wangekaa suruali ikapasuka, kisha wakamlaumu fundi?"

Nikapangusa machozi kwa ncha ya leso.

"Nilikusikia ukicheka," akasema. "Ulimcheka, au ulicheka naye?"

Nikafikiri. "Nilicheka naye."

"Basi jibu unalo. Kimo ni cha kutembea nacho njiani, mwanangu. Ndani ya nyumba watu hukaa kitako. Haya, ondoka ukatie udhu, Magharibi yaingia."

Hivyo ndivyo nilivyoolewa.

Nilipofika hapo, Rukia alikuwa ameshika mashavu. "Nyanya! Yaani Babu alikuwa mfupi tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Uzee haukumchukulia hata inchi moja."

"Na ile picha?"

"Aliipiga Mombasa kabla ya kumrudishia mwenyewe viatu vyake. Amekaza pumzi pale, mtazame vizuri."

Alicheka, mwanangu, alicheka akalala mkekani. Aliponyamaza akaniuliza mbona tuliwaficha. Nikamwambia hatukuwaficha, ila babu yao aliipenda sana picha ile. Ilipokuwa ukutani kwetu, kila akipita mbele yake alikuwa akisimama kwa ncha za vidole, kisha ananigeukia aone kama nimemwona.  Nina hamu na Bakari. Nina hamu na yule mfupi, si huyu wa dukani. Huyu wa dukani sikupata kulala naye nyumba moja.

Rukia akainuka kwenda kupika chai, nafikiri apate kuyapangusa macho yake nisione. Nikamsikia jikoni anaburura kigoda, kama wafanyavyo watoto wote waliorithi kimo cha babu yao. "Nyanya, hizi rafu zako mbona ziko juu hivi?" Swali hilo huliuliza tangu utoto wake, nami siku zote humjibu kwamba ni kwa sababu ya panya. Siku hiyo nikamwambia kweli. Rafu zile alizipigilia babu yake tulipokuwa maarusi. Alinisimamisha ukutani akaniambia ninyooshe mkono kwa raha, nisijikunje wala kujivuta, akatia alama ya penseli pale vidole vilipofika. Mjomba wake alikuwepo, akamwambia, "Wewe mwenyewe hutafika." Bakari akasema, "Jiko ni lake. Mimi nikitaka kitu nitamwita." Na ndivyo alivyoishi. Alitengeneza nyumba nzima kwa kimo changu, kisha akaniita kila alipotaka chumvi, mpaka Mungu alipomwita yeye.

  Rukia akatokea mlangoni, sukari mkononi.

"Nyanya, nampigia mama simu. Wazee wa Suleimani wasijibiwe kesho. Nataka kwanza aje hapa, akae na sisi."

Sikumwambia amkubali, na wewe usidhani hadithi yangu ni ya kumlazimisha mtoto wa mtu. Moyo ni wake. Huenda akaja Suleimani, wakakaa, wakaona kwamba hawaelekeani, na hiyo pia ni kheri. Nilichotaka ni Suleimani aangaliwe yeye mwenyewe, asipimwe kwa kivuli cha maiti aliyeazima viatu.

Sasa sikia, mwanangu, wewe unayevaa mashati ya akina Bakari na magauni yetu. Yavae. Yanakupendeza, na sisi wazee yanatupa furaha usiyoijua. Nyinyi husema vya kale ni dhahabu. Wazee wetu, waliokuwa na ulimi mkali, walisema mavi ya kale hayanuki. Nimeishi vya kutosha kuona kwamba ni kweli zote mbili. Jasho letu limekauka, hofu zetu zimesahauliwa, imebaki picha, na picha ni pale tu mtu alipokaza pumzi. Ukichukua nguo ya zamani, uliza na habari ya aliyeivaa. Uliza aliivua wapi, alianguka wapi, nani alimcheka. Wazee bado tupo, wengine hatujaulizwa tu. Usituangalie kama watu wa dhahabu ukawadharau watu wa leo waliokuzunguka, maana hata sisi tulikuwa watu wa leo, na tulipendwa na waliotuona tukiaibika wakatusamehe. Usione vyaelea, vimeundwa. Ndoa ya babu na nyanya unayoisifu iliundwa na watu wawili walioona aibu mbele ya wenzao, wakaendelea.

Mwenyezi Mungu akuvike nguo njema, mpya na kuukuu, na akusitiri kwa lile vazi lisilovuliwa. Akupe mtu wa kusema kweli mbele yako hata uso ukimwiva, nawe akupe moyo wa kumletea kikoi badala ya kumcheka. Na mkizeeka katika nyumba moja, mmoja wenu akiita kutoka chumba cha pili, Mungu amjaalie mwenzake awe bado yuko wa kuitika. Amin, mwanangu. Amin.